Kurasa za Mwisho Hazipo

Nyuma ya banda langu la baiskeli, Barabara ya Kumi na Tatu,
pana kabati la chuma lililokuwa la faili za ofisi ya mkonge.
Leo lina riwaya arobaini na moja.
Mia tano kwa usiku. Ukirudisha na tone la mshumaa,
mia tano nyingine.

Kitabu cha kukufundisha utajiri hapa hukipati.
Ninacho cha watu waliohamia mwezini
wakatoana meno kwa ndoo ya maji,
kama sisi Ngamiani wiki ile bomba lilipopasuka.
Ninacho cha mji unaotoza vivuli ushuru,
maskini hutoka nje saa sita mchana tu.
Na cha jini mpangaji: hulipa kodi mapema,
havuti sigara, haleti wageni,
na hilo ndilo linalomkosesha mwenye nyumba usingizi.

Vyote vitamu. Lakini hiki,

jalada limeliwa na mende, mwandishi simjui.
Mama anamsuka bintiye mistari tisa.
Jioni anafumua kumi.
Kesho tena, tisa. Jioni, kumi.
Ukifika ukurasa wa mia mbili na sita
mama ameshika mkasi, mlango unafunguka,
basi.
Zilizobaki zimechanwa. Aliyezichana
namtafuta mwaka wa saba huu.

Siwatu, muuguzi wa zamu ya usiku pale Bombo,
alikiazima ili asisinzie.
Akakirudisha kwa ncha za vidole, kama panya aliyekufa.
"Mhando, aliyeingia ni nani?"
Nikamwambia, andika wewe.

Hapo ndipo daftari langu la kuazima lilipoharibika.
Siwatu: aliyeingia ni mama mwenyewe, kazeeka, ana mkasi uleule.
Kilua fundi redio: hakuingia mtu, ni nyumba iliyotoka.
Mtoto wa darasa la sita, kwa penseli:
wakamaliza kusuka wakala wali.
Na karani mstaafu wa reli,
asiyeweza hata kudai kiinua mgongo bila vina,
aliacha ubeti palipoandikwa *Tarehe ya kurudisha*:

Mlango ulipolia, mama hakujiuliza,
Mkasi kaushikia, ukang'aa kwenye giza,
Mstari wa kumi pia, ukaanza kujikaza,
Mwanawe akamwambia, "Huyo utamuumiza."

Usiku ule nililala na taa.
Mke wangu akauliza umeme nalipa mimi au karani.

Juzi Mkwakwani nikanunua karanga.
Koni ya karatasi, rangi ya chai iliyopoa,
herufi zile, nazijua kama meno yangu.
Mia mbili na saba.
Uwanja mzima ukasimama, goli, la nani sijui,
mimi nimeinama nasoma katikati ya magoti ya watu.

Mnataka kujua?
Ilikuwa ndoto. Mama akaamka. Jogoo akawika.

Jogoo!
Miaka saba, watu wazima wamekesha,
muuguzi amepita wodini akihesabu vichwa vya wagonjwa,
kumbe jogoo.

Nikamaliza karanga. Nikafutia chumvi kidevuni kwa mwisho ule,
nikaufinyanga, nikauangusha chini ya jukwaa.
Muuza karanga nilimuuliza karatasi kazitoa wapi.
"Kwa mama mmoja," akasema, "msusi."
Sikuuliza zaidi.

Leo Siwatu kaniletea mwenzake wa zamu.
"Mpe kile."
Mgeni akapekua nyuma kwanza, kama wafanyavyo waoga.
"Mbona hakina mwisho?"
"Kina kumi na tisa," nikasema, nikamsogezea daftari.
Nilimdanganya kwa mmoja. Wa ishirini nimeufuta kidevuni.

Walipoondoka nikarudi kwenye ringi ya mteja.
Nimeisuka tangu asubuhi, spoki thelathini na sita,
sanduku tupu hili hapa, limeandikwa thelathini na sita.
Nimehesabu kwa kidole.
Nimehesabu kwa koleo, moja moja, nikizigonga zilie.

Thelathini na saba.